Wafanyakazi wa gemu waje Nyansiongo wajifunze kuchagua kazi

Kijiji changu kilikufa Jumamosi usiku. Watu wanane, nyumba za mawe, sola tatu, ng'ombe wanne. Hawakuuawa na majambazi wala ugonjwa. Walikufa njaa, na chakula kilikuwepo! Kilikuwa kimevunwa kikaachwa pale pale shambani, kikanyeshewa hadi kikaharibika, huku mkazi mmoja akichonga sanamu, mwingine akishona kofia, na wa tatu akivuka ramani nzima kwenda kuokota jiwe moja. Mimi nilikuwa mbele ya laptopu ya mtumba nikipiga kelele kama shabiki wa Gor dakika ya tisini. Hakuna aliyenisikia.

Anayecheza RimWorld ashajua ninachozungumzia. Kwa ambaye hajacheza: ni gemu ya Ludeon Studios, iliyobuniwa na Tynan Sylvester na kutolewa rasmi mwaka 2018, ambapo unaongoza kikundi kidogo cha watu waliokwama kwenye sayari ya mbali. Humwongozi kila mmoja hatua kwa hatua. Unapanga tu jedwali: huyu kupika 1, kulima 2, kujenga 3, na kadhalika hadi 4. Baada ya hapo kila mtu anajichagulia kazi mwenyewe. Kwa Kiingereza watu hao wanaitwa jina ambalo kwa Kiswahili lingekuwa "wakoloni", na mimi nimelelewa Borabu, kwenye mashamba ambayo walowezi wa Kizungu waliyashikilia hadi yalipogawiwa wananchi miaka ya sitini. Kwa hivyo mtanisamehe, hapa nitawaita wakazi.

Shida iko hapo kwenye kujichagulia. Mkazi wa RimWorld anapomaliza kazi anaangalia namba zake. Namba ikilingana, anafuata mpangilio wa safu kutoka kushoto kwenda kulia. Uuguzi uko kushoto, kupika kunafuata, kisha kujenga, kulima, kuchimba. Kubeba mizigo na kufagia viko karibu na mwisho kabisa kulia, hata uchongaji wa sanamu uko mbele yao. Sasa elewa kilichoua kijiji changu. Mvunaji alivuna, maana kulima ni namba yake. Kubeba mavuno hadi ghalani ni kazi nyingine, na iko chini. Kila mtu alikuwa na kazi ya juu zaidi ya kufanya, basi kila mtu akaifanya, na hakuna aliyekosea. Ukimhoji mmoja mmoja, wote wana sababu.

Niliifunga laptopu nikamkumbuka mama.

Ilikuwa likizo ya Aprili, mimi nikiwa darasa la saba, mvua ikipiga kila siku baada ya chakula cha mchana. Chai wakati wa mvua haingoji. Majani mawili na chipukizi, unachuma, na baada ya wiki moja au mbili unarudi kwenye mstari uleule, la sivyo majani yanakomaa na kukataliwa. Siku hiyo mama alikuwa shambani tangu asubuhi. Mimi nilipewa nepia ya ng'ombe. Kaka yangu alipewa samadi, aihamishe kwa wilbaro kutoka zizini hadi kwenye migomba. Magunia mawili yalikuwa yamepelekwa kituoni asubuhi, la tatu likajaa kama saa sita unusu. Mama akaita wilbaro. Kaka akajibu anamalizia. Nami nilikuwa na mzigo wa nepia nusu, nikaona afadhali niufunge kwanza. Mama naye akaendelea kuchuma, kwani angekaa afanye nini? Tulipofika kituoni lori lilikuwa limeondoka. Majani yakilala ndani ya gunia yanapata joto, yanageuka kahawia. Kesho yake mama aliyamwaga chini ya migomba bila kusema neno, na kwa anayemjua mama yangu, kunyamaza kwake ni kubaya kuliko fimbo.

Hakuna aliyezembea siku hiyo. Watu watatu, jasho linatiririka, na kilo zikapotea. Ndio maana nasema kwamba waundaji wa gemu hizi, na hasa vijana wetu wanaoanza kuandika za kwao, wanatazama mahali pasipofaa. Wanajaribu kumfanya mfanyakazi awe na bidii zaidi, abebe mizigo mingi kwa mpigo, akimbie haraka. Kinachokosekana ni akili ya kujua kazi gani ikiachwa sasa haitafanyika tena.

Namba ya kipaumbele haijui saa. Hilo ndilo kosa la kwanza na kubwa. Ukiandika kwamba kuni ni 3 na gunia la chai ni 3, umeiambia programu kwamba vitu hivyo viko sawa. Havijawahi kuwa sawa. Kuni zikikatwa kesho bado ni kuni. Chai ya leo kesho ni mbolea.

Mtu wa Nyansiongo hufanya hesabu hii bila karatasi. Tuseme karani anafunga mizani saa nane mchana. Kutembea na mzigo hadi kituoni ni dakika 25, foleni na kupima dakika 20. Jumla 45. Saa sita kamili una dakika 120 kabla ya kufungwa, ukitoa 45 unabaki na 75 za kuchezea. Kazi ya kuni inayochukua nusu saa bado inaingia, katakata tu. Ikifika saa saba, umebaki na dakika 15 za kuchezea. Kuni ile ile, panga lile lile, sasa haiingii. Haraka ya chai imepanda yenyewe bila mtu yeyote kwenda kubadilisha namba kwenye jedwali. Wanaosomea kompyuta wana jina la muda huo wa kuchezea, na wana kanuni ya kuanza na kazi ambayo muda wake umebaki mdogo zaidi. Mama hakusomea kompyuta.

Kuandika jambo hili kwenye gemu si kazi ya kutisha. Kila kitu kinachooza tayari kina saa yake ndani ya programu. RimWorld yenyewe ukibofya chakula inakuambia kitaharibika baada ya siku ngapi. Habari ipo! Mchezaji anaisoma. Mkazi anayepita kando ya stroberi ndiye haruhusiwi kuisoma. Mpe ruhusa hiyo, umwache ahesabu umbali wa kufika na muda wa kubeba, na nusu ya vijiji vinavyokufa kwa njaa ya kijinga vitapona.

Kosa la pili ni la wilbaro, na hili ndilo linalonifurahisha zaidi, maana liliwahi kufika hadi sayari ya Mars.

Rudi kwenye likizo ya Aprili. Kazi ya samadi ilikuwa ya chini kabisa siku hiyo. Hakuna ambaye angebisha. Lakini kazi hiyo ya chini ndiyo iliyoshika wilbaro, na wilbaro lilikuwa moja. Kwa hivyo kazi ya juu kabisa, gunia la chai, ikasimama ikisubiri kazi ya chini imalizike. Na kaka alikuwa anapoteza muda zaidi kwa sababu baba alimwita mara mbili amshikie mlingoti wa uzio, kazi ya kati. Yaani kazi ya kati ilichelewesha ya chini, ya chini ikachelewesha ya juu. Kwenye jedwali lolote la namba, mlingoti haukupaswa kuishinda chai. Uliishinda kwa njia ya mlango wa nyuma.

Julai 1997 chombo cha Mars Pathfinder cha shirika la anga la Marekani, NASA, kilitua kwenye sayari hiyo na kuanza kutuma picha. Baada ya siku chache kompyuta yake ikawa inajizima na kujiwasha yenyewe. Wahandisi walipochunguza walikuta kisa cha wilbaro. Kazi ndogo ya kukusanya habari za hali ya hewa ilikuwa imeshika njia ya data, kazi kubwa ya kusimamia njia hiyo ikawa inaisubiri, na kazi za kati zikawa zinaikatiza ile ndogo isimalize. Kazi kubwa ikichelewa, mlinzi wa kompyuta anadhani kila kitu kimekwama na anawasha upya. Dawa ilitumwa kutoka duniani: kazi ndogo ikishika kitu ambacho kubwa inakihitaji, nayo inapewa ukubwa wa ile inayoisubiri, hadi ikiachie. Inarithi cheo kwa muda.

Gemu nyingi za vijiji hazina urithi huu. Mpishi ana namba 1, amesimama jikoni mikono mitupu kwa sababu jiko limekosa kuni, na kubeba kuni ni namba 4. Gemu inakuambia hakuna kuni. Asante sana! Ingekuwa na urithi, kuni zile, si kuni zote bali furushi moja la jiko lile, zingepanda hadi 1 mara tu mpishi anapokwama, na mtu aliye karibu nazo angezileta. Zikishafika, kubeba kunarudi kwenye 4 yake. Oxygen Not Included ya kampuni ya Klei inakupa namba 1 hadi 9 kwa kila kazi, pamoja na ngazi ya dharura juu yake, na bado mchezaji ndiye anayezunguka akipandisha na kushusha kama mhudumu wa lifti. Namba zikiwa nyingi ni kazi ya mchezaji tu inayoongezeka.

Mashabiki wamejaribu kuziba mapengo haya wenyewe. RimWorld ina nyongeza iitwayo Pick Up And Haul, inayomruhusu mkazi kujaza begi kabla ya kurudi ghalani badala ya kwenda na kurudi kwa kitu kimoja kimoja. Kuna While You're Up, inayomfanya abebe kitu kilicho njiani anakoenda. Wachezaji wa Dwarf Fortress, gemu ya ndugu wawili Tarn na Zach Adams iliyoanza kutolewa mwaka 2006, waliunda programu ya pembeni iitwayo Dwarf Therapist kwa sababu kugawa kazi ndani ya gemu yenyewe kulikuwa kama kujaza fomu kwenye ofisi ya chifu. Ukiona watu wanaunda programu nzima ili kuepuka ukurasa mmoja wa gemu, ukurasa huo una neno.

Lakini nyongeza nyingi zinatibu miguu. Zinapunguza safari. Hilo ni jema, na mtu yeyote aliyewahi kutumwa dukani mara tatu kwa jioni moja, chumvi, halafu kiberiti, halafu "kumbe na sukari", anajua raha ya safari moja. Sheria ya kuchagua inabaki vilevile.

Jambo la tatu, nalo ni gumu kidogo: ni lini mtu aache anachofanya? Programu inayohesabu upya kila sekunde ina ugonjwa wake. Mkazi anainuka kwenda kuvuna, katikati ya njia kuni zinapanda alama, anageuka, akikaribia kuni chai inapanda, anageuka tena. Siku nzima anatembea. Kila mara uchaguzi wake ulikuwa sahihi, na jioni hana alichofanya. Kwa upande mwingine, asiyeacha kabisa ndiye mimi na nepia yangu nusu mzigo.

Utamaduni wa Abagusii una jibu ambalo lilishaandikwa kitabuni na wageni. Robert na Barbara LeVine waliishi na kufanya utafiti miongoni mwa Wagusii kuanzia 1955 hadi 1957, na kitabu chao kilichotoka 1966 kinaitwa Nyansongo, jina ambalo mtu wa kwetu akiliona lazima ageuke mara mbili. Walieleza kwa kina jinsi watoto walivyopewa kazi: kuchunga, kuteka maji, kuokota kuni, na zaidi ya yote kulea mdogo wako wakati mama yuko shambani. Mtoto mlezi anaitwa omoreri. (Na kabla mtu wa Nairobi hajachanganyikiwa akija kwetu: kwa Ekegusii "baba" ni mama, na "tata" ndiye baba. Karibu.)

Omoreri haachi alichokishika kwa kila kelele. Anaweza kuwa anacheza, anachambua mboga, anachota maji, mtoto yuko mgongoni. Kuku akiingia jikoni, sawa, ataondolewa baadaye. Mtoto akilia kilio fulani, kila kitu kinaanguka. Yaani kuna vitu vichache, vinavyojulikana na wote, vyenye haki ya kukatiza. Vingine vyote vinangoja hadi mahali pa kupumulia: ndoo ijae, mstari wa chai uishe, tuta limalizike. Kwenye gemu ni hivyo hivyo. Mkazi achague upya anapomaliza kipande cha kazi, si kila sekunde. Kazi aliyoishika ipewe alama ya nyongeza kwa kuwa ameshaianza, ili isiangushwe na tofauti ya senti mbili. Na orodha ya vikatizaji iwe fupi: moto, jeraha, mtoto, na kinachooza ambacho muda wake wa kuchezea umeisha. Laiti mama angekuwa na haki ya kukatiza nepia!

Halafu kuna nani aende. Hapa programu nyingi zinatumia sheria ya mama aliye jikoni, yaani anaita aliye karibu na mlango. Ni sheria nzuri kwa kitu kimoja. Kwa vitu kumi inaharibika, kwa sababu aliye karibu na kuni anaweza kuwa ndiye pekee anayejua kushona jeraha, na sasa ametumwa kuni. Hesabu ya kugawa watu wengi kwa kazi nyingi ili gharama ya wote iwe ndogo ilitatuliwa zamani. Harold Kuhn alichapisha njia yake mwaka 1955, mwaka uleule akina LeVine walipofika Gusii, sadfa tu lakini naipenda. Njia nyingine ni ya mnada, ambayo Reid Smith aliielezea mwaka 1980: kazi inatangazwa, kila mfanyakazi anataja itamgharimu kiasi gani, mwenye bei ndogo anaichukua. Kwa gemu ya kijiji mimi naona mnada unatosha. Ni mwepesi, na unazuia ile aibu ya wakazi watatu kukimbilia ndoo moja, wawili wakafika na kusimama wakitazamana.

Tena mnada una kitu ambacho hesabu safi haina. Bei ya mtu inaweza kubeba uchovu wake. Kwa Wagusii kulikuwa na vikundi vya kulimiana kwa zamu, egesangio, leo kwangu kesho kwako. Kikundi kama hicho hakifi kwa sababu ya umbali wala ukosefu wa jembe. Kinakufa siku mtu anapoona analima kwa wengine na zamu yake haifiki. Mkazi wa gemu anayefagia mwaka mzima kwa kuwa ndiye asiye na ujuzi mwingine, bei yake ya kufagia inapaswa kupanda polepole, hadi siku moja daktari anashika ufagio. Tayari RimWorld inahesabu hisia za wakazi, wakila bila meza wananuna. Mbona wasinunie zamu?

Nitasikia upande wa pili, na una hoja.

Hoja ya kwanza: wakazi wakiwa na akili hivi, mchezaji afanye nini? Ni kweli kwamba sehemu ya raha ni kurekebisha fujo. Wachezaji wa Dwarf Fortress wana msemo wao kwamba kushindwa ndiyo raha yenyewe, na mimi mwenyewe nimesimulia kifo cha kijiji changu kwa watu wasiopungua kumi. Majesty, gemu ya mwaka 2000, ilijenga mchezo wote juu ya mashujaa wasiosikia amri. Unaweka tu zawadi juu ya kazi na kusubiri nani atavutiwa. Ikapendwa. Kwa hivyo sisemi mkazi awe mkamilifu. Nataka ashindwe kwa sababu ninazoweza kuziheshimu: ameogopa, amechoka, amegombana na mwenzake, alidhani mvua haitanyesha. Kushindwa kwa sababu safu ya kubeba imechorwa upande wa kulia wa jedwali hakuna hadithi ndani yake.

Hoja ya pili ni ya mashine. Wakazi 200 wakilinganisha kazi 3,000 ni ulinganisho 600,000. Ukifanya hivyo mara 60 kwa sekunde ni milioni 36, na laptopu yangu ingepaa kama helikopta. Lakini nimeshasema mkazi achague anapomaliza kipande, na katika sekunde moja wanaomaliza ni wachache. Tena si lazima atazame ramani nzima. Atazame kazi za eneo lake kwanza, pamoja na zile chache zilizopigiwa kengele. Mchuma chai hafikirii kazi za Keroka kabla ya kuinamia mche ulio mbele yake.

Kuna jambo moja ambalo sitakubali kulipunguza hata kwa laptopu ya zamani. Mkazi aseme kwa nini. Nikimbofya anayechonga sanamu wakati chakula kinaharibika, gemu iniambie: nimechagua sanamu kwa sababu kubeba nimewekewa 4. Mstari mmoja tu. Ningerekebisha kwa sekunde tano na watu wanane wangekuwa hai. Gemu nyingi zinakuonyesha mtu anafanya nini na kuficha sababu, na mchezaji anabaki kukisia kama mganga.

Na hapa ndipo ukurasa huu wa vijana unapoona kwamba jambo hili si la gemu peke yake. Msomaji wetu anayeendesha pikipiki ya kupeleka chakula mjini anaamshwa na simu: chukua oda hii. Kwa nini yeye, kwa nini hii, kwa nini mwenzake aliyeegesha hapo hapo amepata tatu na yeye hajapata tangu asubuhi? Simu haisemi. Ndani yake kuna kanuni ileile ya kuchagua nani afanye nini, imeandikwa na mtu aliyekaa mahali fulani, na mara nyingi mtu huyo alianza na sheria ya aliye karibu na mlango. Stejini za boda nyingi bado wanaweka foleni ambayo kila mtu anaiona kwa macho, na akija mgonjwa anayepaswa kukimbizwa, foleni inavunjwa mbele ya wote na hakuna anayenung'unika, kwa kuwa sababu imeonekana. Kanuni yenye kikatizaji, zamu na maelezo, imeandikwa kwenye vumbi kando ya barabara.

Vijana wa Kenya wanaandika programu za aina hii sasa hivi. Wanaandika gemu pia. Wesley Kirinya alitoa The Adventures of Nyangi mwaka 2007, enzi ambazo intaneti ilikuwa ya kupimiwa dakika kwenye saiba, akaendelea kuwa mmoja wa waanzilishi wa Leti Arts. Leo Godot inapakuliwa bure, bando la siku moja linatosha. Atakayeanza na kijiji kidogo chenye watu watano, migomba, ng'ombe wawili na kituo cha chai kinachofungwa saa nane, atakuwa na tatizo la kweli la kutatua, na watu wa kumsahihisha watakuwa nyumbani kwao. Amwonyeshe nyanya yake skrini, magokoro kama tunavyowaita. Amwulize: huyu angefanya nini sasa? Majibu atakayopata hayako kwenye video za mafunzo.

Kwa sisi tunaongoja, kuna ya kufanya usiku wa leo ndani ya RimWorld kama ilivyo. Washa namba za mkono badala ya alama za tiki. Chagua wakazi wawili wasio na ujuzi mkubwa, wape kubeba namba 1, na usiwaonee huruma. Jenga ghala dogo lenye paa kando ya shamba, hatua kumi, ili mavuno yaingie kwanza na kuhamishwa baadaye. Kabla ya kuvuna, mnyang'anye mchongaji uchongaji kabisa, mrudishie mavuno yakiisha. Na ukiona alama ya wimbi la baridi, simamisha muda, pitia jedwali lote mstari kwa mstari, kisha ndio ubonyeze kuendelea.

Mimi nimeanza kijiji kipya. Watu watano, mvua inanyesha, na kubeba nimekuweka 1 kwa kila mtu hadi nitakapopata ghala.